VIROBOTO WAKO WAPI?

Ukimwona mbwa wako anajikuna, usidhani viroboto wote wako mwilini mwake. Hao ni wachache tu. Wengi wako chini, pale anapolala mbwa, na pale unapolala wewe.

Tuanze na hesabu. Kiroboto jike aliyeshiba damu anaweza kutaga mayai 40 kwa siku moja. Tuseme mbwa wako ana viroboto majike 10. Kwa siku moja watataga 40 mara 10, yaani mayai 400. Kwa wiki moja ni 400 mara 7, yaani mayai 2,800. Jamani! Na mayai hayo hayana gundi. Yanadondoka kila mbwa anapopita: jikoni, uvunguni, kwenye mkeka wa watoto.

Mayai yakianguliwa hutoka mabuu wadogo sana, weupe kama nyuzi. Hao hawaumi. Wanakimbia mwanga na kujificha katika vumbi na nyufa za sakafu. Chakula chao ni damu iliyokauka, ambayo ni mavi ya viroboto wakubwa. Hebu chana manyoya ya mbwa juu ya karatasi nyeupe iliyoloa maji. Vipunje vyeusi vikidondoka na kutoa rangi nyekundu, ndiyo damu hiyo.

Baadaye buu hujisokotea kifuko chenye kunata. Vumbi linakifunika, ufagio unapita juu yake. Ndani ya kifuko hicho kiroboto anaweza kungoja miezi mingi. Nyumba ikifungwa, wenyewe wakaenda kwa ndugu, yeye anangoja. Siku wakirudi, sakafu inatikisika kwa miguu yao. Hapo viroboto wanatoka wote kwa pamoja na kurukia miguu. Watu husema nyumba imerogwa. Si uchawi, ni viroboto wenye njaa.

Hapa tuseme ukweli, hata sisi walimu tumewahi kukosea. Mama mmoja wa darasa letu la jioni alilalamika kuhusu viroboto. Tukamshauri ampake paka wake dawa kidogo ya kuogeshea ng'ombe. Paka akaanza kutetemeka na kutoka mate. Jua halijazama, akafa. Yule mama hakutugombeza, lakini msimu ule panya walimla mahindi yake ghalani, nasi tulikuwa tukipita pale kila jioni. Paka hujilamba mwili mzima, na dawa nyingi za ng'ombe, hata baadhi ya dawa za mbwa, ni sumu kwake. Basi, kabla ya kutumia dawa yoyote, muulize bwana mifugo, umtajie ni ya mnyama gani na ana umri gani. Dawa ya pamba au ya kahawa usiinyunyize kabisa ndani ya nyumba. Watoto wanalala humo.

Kazi kubwa ni ufagio, jua na sabuni. Mpe mbwa mahali pamoja pa kulala, nje, juu ya gunia ambalo unaweza kulichemsha. Akilala mahali pamoja, mayai mengi yatakuwa pale, nawe utajua pa kuyapata. Mwogeshe kwa sabuni, ukianza na povu jingi shingoni, ama sivyo viroboto watakimbilia masikioni. Fagia mpaka pembeni na uvunguni. Takataka zichome moto, usizitupe mlangoni. Ziba nyufa kwa udongo. Mikeka na mablanketi yaanike kwenye jua kali.

Usiku weka sakafuni sahani pana yenye maji ya sabuni, na koroboi inayowaka katikati yake. Viroboto watarukia mwanga na kutumbukia. Sabuni ndiyo inayowazamisha, maji matupu hayatoshi. Usilale ukaiacha inawaka, na watoto wasiikaribie. Mtego huu hauwamalizi, ila unakuonyesha kama wanapungua.

Wengi hukata tamaa wiki ya pili wakiona viroboto wapya. Hao ni wale wa kwenye vifuko. Endelea zaidi ya mwezi mmoja.

Jambo moja halingoji mwezi. Viroboto wa panya wanaweza kuleta tauni. Wilayani Lushoto tauni ilizuka mwaka 1980, ikarudi tena na tena miaka iliyofuata. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine. Ukiona panya wanakufa ovyo, usiwashike kwa mkono. Toa habari zahanati siku hiyo hiyo. Mtu akipata homa kali na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena au kwapa, apelekwe upesi. Tauni ina dawa, lakini mgonjwa asicheleweshwe.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mbwa ana viroboto majike 6. Kila mmoja anataga mayai 40 kwa siku. Kwa siku 5 ni mayai mangapi?
2. Kwa nini kumwogesha mbwa peke yake hakutoshi?
3. Nyumbani kwako mbwa au paka analala wapi?