Udhuru wa Chanjo Mlangoni mwa Shule

SWALI: Daktari, mimi nachuna majani chai huku Kericho. Mtoto wangu wa mwisho alidungwa sindano ya surua akiwa na miezi 9, na baada ya kama juma moja akapata homa kali usiku, degedege ikamshika. Tangu hapo sikumrudisha kwa sindano ya pili. Sasa ana miaka 4, na mwalimu mkuu anataka kitabu cha kliniki ndipo amwandikishe PP1. Jirani ananiambia kuna mahali naweza kulipia barua ya kusema mtoto huyu asichanjwe, na mzee mmoja wa kanisa yu tayari kuniandikia ya kwake. Je, barua hizo zinafaa? Na dada yake mkubwa, aliyepata nafasi ya kusoma Marekani kwa ajili ya mbio, chuo kinamdai vyeti vya chanjo, afanyeje?
Mama wa watoto watatu, Kericho

JIBU: Mama, kabla sijaingia katika habari ya barua nataka nikuondolee hofu iliyokukaa moyoni miaka yote hii, kwa maana naona dhahiri kwamba udhuru unaoutafuta haukuzaliwa na ukaidi wala ujinga, ila na usiku ule ulipomwona mwanao akikakamaa mikononi mwako, macho yamegeuka, nawe huna la kufanya. Chanjo ya surua na rubela hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa sababu hiyo homa yake haiji siku ile ile ya sindano, bali aghalabu baina ya siku ya 7 na ya 12, wakati mwili umo katika kujifunza kumtambua adui. Na katika watoto wachache mno, takriban mmoja kwa kila dozi 3,000 au 4,000, homa hiyo huleta degedege, ambayo hutisha kupita kiasi lakini hupita, wala haiachi kilema katika ubongo. Surua yenyewe, kinyume chake, huleta uvimbe wa ubongo kwa takriban mgonjwa mmoja katika kila 1,000, mbali na kichomi ambacho ndicho kinachowaua wengi, na upofu unaowapata watoto waliopungukiwa na vitamini A.

Kwa hiyo degedege ya homa si udhuru wa kukataa dozi ya pili. Mpeleke mtoto, umweleze muuguzi yaliyotokea ili ayaandike, na dozi atapewa pale alipoachia, pasipo kuanza upya. Homa ikimjia, mpe dawa ya kuishusha kwa kipimo utakachoelezwa. Na degedege ikirudi, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, kisha umkimbize zahanati.

Udhuru wa kweli upo, nao ni mchache. Mtoto ambaye muda mfupi baada ya dozi alivimba uso na koo akakosa pumzi, huyo hapewi tena chanjo ile. Mtoto mwenye saratani ya damu aliye katika matibabu, au anayetumia dawa za steroidi kwa kipimo kikubwa, au aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa kinga, huyo hapewi chanjo zenye virusi hai mpaka tabibu wake aidhinishe. Aliyewahi kupatwa na ugonjwa wa utumbo kujiingiza ndani ya utumbo hapewi ile ya rota. Walakini mafua, kikohozi, kuhara kidogo, kuzaliwa kabla ya wakati, wembamba wa mwili, au kifafa cha shangazi, yote hayo, ambayo kila siku huwarudisha kina mama nyumbani, si udhuru hata kidogo. Na mtoto wa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi, ambaye wengi hudhani amesamehewa, huku kwetu hupewa chanjo ya surua mapema zaidi, akiwa na miezi 6.

Sasa nakuomba umfikirie yule mtoto wa saratani ya damu, akikaa dawati moja na wako. Surua ni maradhi mepesi kuambukiza kuliko karibu yote tuyajuayo, hata pumzi ya mgonjwa mmoja hubaki chumbani muda wa saa 2 baada ya yeye kuondoka, na ili isipate njia inapasa takriban watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Yeye aliyesamehewa kwa haki hana ngao yake mwenyewe. Anaishi kwa ngao ya wenziwe. Kila barua ya kununua inayoingia darasani humpunguzia yeye hifadhi, na ndiyo sababu nasema bila kusita kwamba anayeuza barua hiyo anauza mali ya mgonjwa asiyemjua. Usiinunue.

Barua ya mzee wa kanisa ni jambo jingine, nami silidharau, kwa kuwa dhamiri ya mtu ni amana. Uingereza ililazimisha chanjo ya ndui mwaka 1853, na baada ya ugomvi wa miaka mingi, mwaka 1898, ikawaruhusu wazazi wenye pingamizi la dhamiri kusamehewa. Marekani majimbo mengi hutoa msamaha wa dini hata leo. Na katika wilaya ya Gaines, huko Texas, ambako misamaha ya namna hiyo ilikuwa imezidi, surua ilizuka mwanzoni mwa 2025, wakaugua zaidi ya watu 700 katika jimbo hilo, na watoto 2 wa umri wa shule, ambao hawakuchanjwa, wakafariki dunia. Katiba yetu ya 2010 inalinda imani katika kifungu cha 32. Lakini kifungu cha 53 kinampa mtoto haki yake mwenyewe ya elimu na ya afya, na kuyaweka maslahi yake mbele ya yote. Nakumbuka vilevile mwaka 2015, maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walipowataka waumini wasishiriki kampeni ya polio. Ilhali hospitali za misheni zetu hizi, Tenwek, Kaplong na Litein, zimelea vizazi vya watoto wa Bomet na Kericho kwa sindano hizo hizo. Mzee wako muulize kwa adabu kama anayajua hayo.

Lakini haitakuwa insafu nikiwalaumu wazazi peke yao. Chupa ya chanjo ya surua ina dozi 10, na ikishachanganywa haina budi kutumika ndani ya saa 6 au kumwagwa. Basi muuguzi, akiogopa hasara, hungoja watoto wajikusanye, na mama aliyeacha kuchuna, ambaye hulipwa kwa kilo, huambiwa arudi siku nyingine. Mara ya pili harudi. Huyo huhesabiwa miongoni mwa wakaidi, kumbe amepoteza ujira wa siku nzima na mtoto hakudungwa. Laiti wakubwa wetu wangekubali kumwaga dozi chache kuliko kumpoteza mtoto! Nao wenye mashamba, wampe mama ruhusa ya kliniki bila kumkata.

Kuhusu mwalimu mkuu, ana haki ya kukitazama kitabu, na ni wema anapofanya hivyo, kwa maana ndipo anapogundua aliyepungukiwa. Ila amwelekeze kliniki, asimfungie nje ya darasa. Kama kitabu kimepotea katika kuhama kambi, usikate tamaa: nenda zahanati ulikomchanja, rekodi zake hutazamwa katika rejista.

Dada yake ana shida ya namna nyingine. Vyuo vingi vya Marekani hudai dozi 2 za chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela kwa pamoja, ilhali kliniki zetu za serikali hutoa surua na rubela tu; kwa hiyo hata akiwa na kitabu safi ataonekana amepungukiwa. Aulize chuo kama kinakubali kipimo cha damu kinachoonyesha kinga; kikikataa, atafute chanjo hiyo katika hospitali ya binafsi, akijua kwamba baina ya dozi ya kwanza na ya pili lazima zipite siku 28. Na wakimpima kifua kikuu, awaonyeshe kovu la mkono wa kushoto na kuwaomba kipimo cha damu, kwa sababu chanjo ya kifua kikuu aliyopewa alipozaliwa huweza kukifanya kile cha ngozi kionyeshe maradhi asiyokuwa nayo. Aanze sasa, asingoje tiketi.