Namna ya Kujaribu Gemu Ambazo Bado Hazijatoka, Ukitokea Kianyaga

Maonyesho ya gemu hayaji Kianyaga. Huku tuna vibanda vya PS, vyenye televisheni mbili tatu, benchi la mbao na vijana wanaobishana juu ya penalti, na ndani yake utacheza tu kile ambacho dunia nzima imeshakicheza. Anayetaka kushika pedi ya gemu ambayo haijaingia sokoni hana budi kuteremka Nairobi. Nimeteremka mara kadhaa, mara nyingine na mpwa wangu wa kidato cha pili, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu wa Kianyaga, Kimunye, Kutus, au hata Karatina na Nyeri, mwenye Jumamosi moja na nauli ya kwenda na kurudi.

Kuhusu safari sina mengi. Panda gari la alfajiri. Njia ni ile ile ya Kutus, Ngurubani, Makutano, halafu unashika barabara kuu ya Thika. Hesabu muda wa saa tatu, zaidi kidogo foleni ikikukuta Roysambu. Magari mengi ya huku kwetu hushushia abiria pande za Tea Room na Accra Road, na kutoka hapo unatafuta gari la Westlands. Ninasema Westlands kwa sababu NAICCON, maonyesho ya Nairobi ya komiki, gemu na mavazi ya wahusika, yamewahi kufanyika Sarit Expo Centre. Hakikisha tarehe na ukumbi kwenye kurasa za waandaaji wenyewe kabla hujakata tiketi, maana mambo haya huhama. Ninachosisitiza ni kufika milango inapofunguliwa. Saa ya kwanza ina thamani kuliko alasiri nzima: foleni ni fupi, mashine hazijapata joto, na waliotengeneza gemu bado wana sauti na subira ya kuongea na wewe.

Ukiingia utavutwa na kelele, na kelele zinatoka kwenye mashindano. Jukwaa, mtangazaji mwenye maikrofoni, watu wawili kwenye viti vikubwa wakicheza mpira. Kampuni ya EA iliachana na jina la FIFA mwaka 2023, na sasa gemu hiyo inaitwa EA Sports FC, lakini nenda ukamwambie hivyo mwenye kibanda pale stendi ya Kianyaga. Kwetu ni FIFA na itabaki FIFA. Kama umekuja kushindana, jiandikishe na ukae huko, na heri yako. Kama umekuja kujaribu vitu vipya, pita. Utakuwa umesafiri kilomita zaidi ya mia moja kwenda kupanga foleni ya kitu kinachopatikana kando ya duka la mbolea nyumbani.

Pita pia zile skrini kubwa za makampuni zenye gemu ambazo tayari zinauzwa. Endelea mpaka ukutani, mara nyingi karibu na njia ya vyoo, ambako kuna meza ndogo, laptopu moja, karatasi iliyobandikwa kwa gundi na kijana aliyevaa fulana yenye nembo aliyoichora mwenyewe. Ulichofuata kiko hapo.

Meza za namna hiyo zina ukoo wake nchini. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mojawapo ya gemu za mwanzo kabisa za 3D kutengenezwa Kenya, halafu mwaka 2009 akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Ikaja Ma3Racer ya Planet Rackus, ambamo unaendesha matatu kwenye simu huku ukikwepa watu barabarani. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games wakatoa Nairobi X, ambamo viumbe kutoka anga za juu wanavamia jiji na wewe unawafyatulia risasi. Zote zilitengenezwa na watu wachache sana, kwa fedha chache sana. Ukiketi mbele ya laptopu ile karibu na vyoo, kumbuka kwamba huenda mtu mmoja ndiye aliyechora, aliyeandika msimbo, aliyetunga muziki na aliyebeba meza.

Sasa, gemu ambayo haijakamilika haichezwi kama iliyokamilika. Mara nyingi utakachoonyeshwa ni kipande kimoja tu, dakika kumi au kumi na tano, ambacho kimesuguliwa mpaka kinang'aa ilhali sehemu nyingine zote bado ni mifupa. Hakuna ubaya katika hilo, hata makampuni makubwa hufanya hivyo. Lakini usitoke pale ukisema gemu ni nzuri kwa sababu hatua ya kwanza ni nzuri. Muulize mwenyewe: "Baada ya hapa, mchezaji anafanya nini?" Akikujibu mara moja, kwa vitu unavyoweza kuviona akilini, gemu ipo. Akianza kukueleza historia ya falme saba na vita vya miaka elfu, shuku kidogo.

Kinyume chake, usiihukumu gemu kwa sababu ya sura yake. Utakuta nyumba ambazo ni visanduku vya kijivu na mhusika asiye na uso. Picha huja baadaye. Kinachopimwa mapema ni mkono: ukibonyeza kuruka, je, anaruka wakati ule ule? Ukimgeuza anageuka pale ulipotaka? Hapa pana mtego mmoja. Televisheni kubwa za ukumbini huwa zinachelewesha picha kidogo kwa sababu ya kuirembesha, na gemu nzuri huonekana nzito. Ukihisi uzito huo, omba kuona kama televisheni imewekwa kwenye modi ya gemu, au omba kucheza kwenye skrini ya laptopu yenyewe. Nimeshuhudia gemu ile ile ikibadilika kabisa kwa kuchomoa waya mmoja tu.

Jambo jingine ambalo wengi huwa hawaliamini: usiombe maelekezo. Keti, shika pedi, anza. Ukipotea, potea kwa sauti. Sema, "Nadhani mlango huu unafunguka," halafu ujaribu. Mtengenezaji anayejua kazi yake atasimama nyuma yako bila kusema neno, akiandika mahali ulipokwama, kwa sababu gemu ikishatoka hatakuwepo sebuleni kwako kukuonyesha kitufe. Mkanganyiko wako ndio anaohitaji. Mpwa wangu ni hodari zaidi katika hili kuliko mimi, kwa kuwa haoni haya. "Anko, hii ngazi inapandwa aje?" aliuliza mara moja ukumbi mzima ukasikia, na aliyeitengeneza akacheka, akapiga mstari kwenye daftari lake. Ngazi ilikuwa imechorwa vizuri kabisa, ila ilikuwa pambo tu la ukutani.

Kwenye meza mojawapo nilikuta gemu ya shamba la chai. Wazo zuri: unaanza na nusu ekari mlimani, unachuma, unapeleka kituoni, unalipwa, unaongeza miche. Vilima vilikuwa vimechorwa vizuri, na ukungu wa asubuhi ulikuwa ule ule ninaouona nikifungua dirisha. Nikaanza kuchuma. Mhusika akainama, akashika tawi, akaling'oa zima na kulitia kikapuni. Nikaacha pedi.

"Hapa kwenu mnachuma hivi?" nikamuuliza.

"Mimi ni wa Nairobi, mkubwa," akasema. "Nimetazama video tu."

Nikamweleza. Majani mawili na chipukizi, basi. Unakata kwa vidole, kidole gumba na cha shahada, mikono yote miwili inafanya kazi kwa pamoja, na kikapu kiko mgongoni, hukiweki chini. Ukichuma majani makubwa makavu, karani wa kituo atakurudishia mbele ya majirani. Na chai iliyochumwa haikai: lazima ifike kituoni siku ile ile, gari la kiwanda lije, la sivyo inaanza kuiva na kuharibika ndani ya gunia. Nikamwona akinyanyua uso. Gemu yake haikuwa na saa. Mchezaji angeweza kuchuma leo na kuuza wiki ijayo, bila hofu yoyote, na ndiyo maana ilikuwa inachosha baada ya dakika tano. Alinivutia kiti kingine, tukaongea mpaka mtu wa nyuma yangu akaanza kukohoa.

Nimesimulia hilo kwa sababu watu wa huku wakifika Nairobi wanadhani hawana la kusema mbele ya vijana wa kompyuta. Unalo. Kama umelima mpunga Mwea, umeendesha bodaboda kwenye matope ya Aprili, au umekuwa karani wa kiwanda cha kahawa, unajua mambo ambayo hayamo kwenye video yoyote. Gemu nyingi za hapa nyumbani zinasimulia maisha yetu, na wanaozitengeneza wana njaa ya mtu wa kuwaambia wapi wamekosea.

Namna ya kusema ina adabu yake. Usiseme "ni mbaya", wala usiseme "ni kali sana" halafu uondoke, maana sentensi zote mbili hazimsaidii mtengenezaji. Taja sehemu: "Pale darajani sikujua kama nimepigwa." Usimpe dawa kabla ya kumwambia ugonjwa. Ukimwambia aongeze bunduki, hajui kilichokukera. Ukimwambia kwamba ulichoka baada ya adui wa tatu kwa kuwa wote wanafanana, atatafuta dawa mwenyewe.

Kisha uliza maswali ya mfukoni, yale ambayo watu wa magazeti huwa hawaulizi. Inafanya kazi kwenye simu yenye RAM ndogo? Faili ni kubwa kiasi gani? Inachezeka bila bando? Unalipa kwa M-Pesa au inataka kadi ya benki? Nimeona gemu nzuri sana za Kenya ambazo hakuna kijana wa Kianyaga angeweza kuzicheza, kwa sababu tu simu yake ingeganda kwenye nembo. Lugha pia uliza. Mwezi Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, ya studio ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya aliyeigiza sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Alitunga hadithi hiyo akiwa na msiba wa babake, na unaweza kuichagulia sauti za Kiswahili ukaicheza yote hivyo. Kama gemu inayouzwa duniani kote imeweza, anayetengeneza gemu ya matatu pale Ngara hana kisingizio.

Ukipewa miwani ya VR, ipanguse kwanza kwa kitambaa, ivae, na uombe gemu ambayo unasimama mahali pamoja. Zile za kuruka na kukimbia hugeuza tumbo la mtu asiyezizoea, hasa aliyekula chapati mbili Makutano. Beba visikilizi vyako vya waya, kwani muziki wa jukwaani utakufunika na hutasikia gemu hata kidogo. Beba pawabenki na maji. Ukienda na mtoto, tazama gemu kwanza wewe mwenyewe. Pale mezani hakuna karatasi inayosema umri, na damu ipo.

Watu hunitania kwamba maonyesho yetu ni madogo. Ni kweli. E3 ya Marekani, iliyoanza mwaka 1995, ndiyo ilikuwa kubwa, na Desemba 2023 ilitangazwa rasmi kwamba haitarudi tena. Makampuni yanaonyesha gemu zao kwa video za mtandaoni. Gamescom ya Cologne, Ujerumani, bado ipo na inajaa umati, na huko unaweza kupanga foleni nusu siku ili ucheze dakika kumi na tano huku kijana wa kukodiwa akikutazamia saa. Nairobi unacheza huku aliyetengeneza akiwa amesimama begani mwako. Kwa mtu anayetaka kujua gemu inavyozaliwa, sioni hasara yetu ilipo.

Na kama nauli haipo, kuna njia ya nyumbani. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, huwa na tamasha liitwalo Next Fest, Februari, Juni na Oktoba, ambapo mamia ya gemu zijazo huweka vipande vya kujaribu bila malipo. Unahitaji kompyuta, na faili nyingine ni za gigabaiti kadhaa, kwa hiyo zipakue usiku ambapo mtandao ni mwepesi, au kaongee vizuri na mwenye saiba. Gemu ikikupendeza, iwe umeiona huko au mezani Nairobi, iweke kwenye orodha yako ya kusubiri pale Steam. Idadi ya wanaosubiri ni mojawapo ya vitu ambavyo watengenezaji huwaonyesha wenye fedha wanapoomba kusaidiwa kumalizia kazi, na kwa kijana mwenye laptopu moja, majina mia mbili ya ziada yana uzito. Fanya hivyo ukiwa bado umeketi pale mezani, mtandao wa ukumbi ukikubali, maana ukishapanda gari la jioni pale Tea Room utalala mpaka Kutus na kuisahau.