Dondoo muhimu: Kujenga upya pwani iliyopigwa na kimbunga

Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji. Wiki sita baadaye kimbunga kingine, Kenneth, kikaikumba Cabo Delgado, nchini humo humo. Wanaojenga upya waanze na paa.

• Upepo huling'oa paa kwa kulinyanyua. Kwa hiyo nondo zitoke kwenye msingi hadi kwenye linta, na kila kenchi ifungwe hapo kwa mkanda wa chuma. Msumari peke yake huchomoka. Tumia skrubu kwenye mabati, na pembezoni zikaribiane zaidi, kwani bati huanza kufunuka hapo.

• Paa la miteremko minne hustahimili kuliko la miwili.

• Paa la baraza lijitegemee, likichukuliwa lisiondoke na la nyumba.

• Madirisha yawe na vibao vya kufunga kwa nje. Upepo ukishaingia ndani, husukuma paa kutoka chini.

• Msikate mikoko, hata kwa nguzo za ujenzi huu huu. Hupunguza nguvu ya mawimbi, na hukua polepole mno.

Tafadhali, panda ngazi ukague mikanda yote kabla fundi hajaezeka. Mabati yakishafunika, huwezi kuiona tena.