Maabara Yao Ilikuwa Wapi?



Kila tunapotembelea shule, lalamiko hili halikosi: "Dada, sisi sayansi tutaiwezea wapi? Maabara yetu haina hata maji." Ni kweli, maabara nzuri ni haki yenu. Lakini leo tuwafuate wanasayansi watatu waliopata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya malaria. Je, wao walifanyia wapi uchunguzi wao? Huenda ukashangaa.

Hospitali ya jeshi, Algeria

Zamani watu waliamini kwamba malaria inaletwa na hewa ya mabwawa. Hata neno "malaria" limetokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "hewa mbaya". Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, hakuridhika. Mwaka 1880, katika hospitali ya jeshi mjini Constantine, alichukua damu ya askari mwenye homa, akaiweka chini ya hadubini. Akaona vijidudu vinachezacheza! Kumbe kulikuwa na kimelea ndani ya damu. Wataalamu wengi walimbishia. Tuzo aliipata mwaka 1907.

Chumba chenye joto, India

Sasa kimelea kinaingiaje kwenye damu? Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyezaliwa India, alimshuku mbu. Kule Secunderabad joto lilikuwa kali mno. Jasho lake lilitia kutu skrubu za hadubini, na feni hakuitumia, maana ingepeperusha mbu aliokuwa akiwapasua. Mgonjwa mmoja, Husein Khan, alikubali kuumwa na mbu kwa malipo. Tarehe 20 Agosti 1897, Ross aliona vimelea kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Mwaka 1898, mjini Calcutta (siku hizi Kolkata), alichunguza malaria ya ndege na kukuta vimelea vimefika kwenye tezi za mate za mbu. Basi, mbu akiuma ndipo anapovipitisha. Ross alipata tuzo mwaka 1902. Wahindi waliomsaidia, kama Mahomed Bux, hawakupata.

Mapipa ya nyumbani, China

Mwaka 1969 Bibi Tu Youyou wa Beijing alipewa kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria. Hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa. Kwanza alikwenda kisiwa cha Hainan kuwaona wagonjwa. Kisha yeye na wenzake wakapekua vitabu vya tiba za jadi. Kitabu kimoja cha zaidi ya miaka 1,600 kilisema mmea mmoja wa jamii ya pakanga ulowekwe na kukamuliwa. Tu akajiuliza: mbona hakisemi uchemshwe? Labda moto unaua dawa! Akatumia njia isiyohitaji moto mkali, na mwaka 1971 ikafanikiwa. Vifaa vilikuwa haba, hivyo walitumia hata mapipa ya maji ya nyumbani. Mwaka 1972 walijaribu dawa hiyo kwenye miili yao kabla ya kuwapa wagonjwa. Alipata tuzo mwaka 2015. Dawa mseto ya ALu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006, ina dawa iliyotokana na mmea huo.

Na wewe je?

Hawa watatu walianzia pale palipokuwa na wagonjwa, wakakataa kubahatisha. Lakini wewe ukipata homa bwenini unafanyaje? Wengi wetu tunajua: rafiki ana vidonge, mnagawana viwili viwili, mambo kwisha. La hasha! Hapo umebahatisha maisha yako.

• Pima kwanza, kama Laveran. Si kila homa ni malaria. Inaweza kuwa nimonia au homa ya matumbo, na dawa ya malaria haitibu hayo.

• Jikinge, kama alivyotufundisha Ross. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, kila usiku.

• Maliza dozi. ALu humezwa mara mbili kwa siku, siku tatu. Ukiishia njiani, vimelea vinabaki, na vinaweza kuzoea dawa. Wala chai ya majani ya mmea ule si dozi, kwa sababu hujui ina dawa kiasi gani.

Jaribu mwenyewe

Tafuta maji yaliyotuama karibu na shule, uangalie viluwiluwi vya mbu. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya Anofelesi, mbu wa malaria. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine. Andika ulichoona na tarehe, umwonyeshe mwalimu, kisha mfukie dimbwi hilo. Hapo utakuwa umeshaanza uchunguzi, hata kabla bomba la maabara halijatengenezwa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Tu aliacha kuchemsha mmea?
2. Je, Husein Khan na Mahomed Bux walistahili kutambuliwa? Toa sababu.
3. Rafiki yako amemeza vidonge siku moja, akapata nafuu na kuacha. Utamwambia nini?