Pawatila au Trekta Kubwa?

Kagongwa, karibu na mji wa Kahama, ni mahali pa mpunga. Wakulima wengi hutumia plau ya ng'ombe. Wengine wana pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono.

Ndugu mkulima, tuseme una pawatila. Muuza matrekta anakuambia: "Lete hilo, ongeza fedha, uchukue lenye nguvu zaidi." Utamjibu nini?

Usitazame injini kwanza. Tazama shamba. Jaruba ni dogo na lina matuta. Pawatila hugeuka humo bila kubomoa tuta. Trekta zito hukosa nafasi, na penye matope mengi huzama. Lakini katika shamba pana la mahindi lenye udongo mgumu, pawatila huhangaika. Hapo nguvu inahitajika kweli.

Sasa chukua kalamu. Tuseme deni la trekta ni shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Ukimlimia jirani eka 1, baada ya dizeli na dereva unabakiwa na shilingi 30,000. Basi utalima eka 100 za watu kabla ya kupata senti yako. Je, majirani wana eka 100 zisizo majaruba? Utazimaliza kabla msimu wa kupanda haujapita? Na kipuri kikivunjika, utakipata Kahama, au mpaka Mwanza?

Maswali
1. Kwa nini trekta zito halifai katika jaruba?
2. Ukibakiwa na shilingi 25,000 kwa eka, utalima eka ngapi kulipa deni hilo?