Mzimu, kuzimu na zimwi

Swali: Mwalimu, je, maneno "mzimu", "kuzimu" na "zimwi" yana uhusiano, au yanafanana kwa sauti tu?

Jibu: Ni ndugu wa tumbo moja. Mzizi wake ni wa Kibantu cha kale, na ulihusu roho za wahenga waliokufa, ambazo ziliheshimiwa na kutambikiwa. Watswana hadi leo huwaita wahenga wao badimo. Kwa Wazulu, izimu ni jitu linalokula watu, kama zimwi letu la hadithini. Kuzimu ni kwa wafu. Na mahali penyewe pa kutambikia pia huitwa mzimu. Tafadhali usiuchanganye na jini, neno tulilolipata kwa Waarabu. Jini huumbwa jini. Mzimu alikuwa mtu.