Shanta nyepesi yenye kiunzi cha ndani

SWALI: Fundi, nimejishonea shanta ya turubai ya kupandia milima ya Gwassi. Nikiijaza inajikunja kama gunia, na mabega yanawaka moto. Nifanyeje?
Msomaji, Mbita

JIBU: Pole, ndugu yangu. Mzigo wako umekosa uti wa mgongo. Mwombe fundi wa madirisha vipande viwili bapa vya alumini, kila kimoja urefu wa sentimita 60, upana milimita 25, unene milimita 3. Vyote viwili havifiki robo kilo.

Usivitie vikiwa vimenyooka! Simama wima, mwenzako avikunje taratibu juu ya goti vifuate mgongo wako: viingie ndani kiunoni, vitoke kidogo mabegani. Piga ncha tupa mpaka ziwe duara, la sivyo zitatoboa kitambaa siku ya kwanza. Kisha shona ala mbili ndefu upande wa mgongoni, chini uweke kitambaa mara tatu.

Lakini kiunzi peke yake hakikusaidii kitu bila mkanda mpana wa kiuno, ulioshonewa pale alumini inapoishia. Hapo ndipo uzito unapohamia kwenye nyonga. Ndani ya mkanda weka sponji ngumu. Ile ya godoro hubonyea mara moja.

Turubai lako ni zito, badili kwa nailoni. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba huoza kwa jasho na mvua. Penye mishipi ya mabega, rudia mshono mara nne, tano.